Wigo wa Kuku

Hosteli ya mgodini, karibu na Welkom
5 Mei 1974

Kwako 'Malineo,

Pokea salamu zangu, na umpe mama zake kabla hajauliza. Mimi mzima. Mgodi nao mzima, unatumeza asubuhi na kututapika jioni, bado hatujakosana.

Barua yako imefika. Umesema Ntja ameanza kutambaa. Niliisoma kwa sauti chumbani, na wale wenzangu wa Msumbiji wakacheka mpaka basi: "Molefi ana mtoto anaitwa Mbwa. Sasa mbwa anatambaa, mwakani atabweka." Wale wa kwetu Lesotho hawakucheka. Wao wanajua mtoto anayezaliwa nyuma ya kaburi hapewi jina zuri. Mama alichagua vyema. Kifo kikipita mlangoni kikasikia "Ntja, njoo hapa," kitadhani ni mbwa kweli na kwenda zake.

Sasa sikiliza. Baridi imeshaingia huku tambarare, basi huko milimani najua maji yanaganda ndooni. Lineo, mtoto wetu wa kwanza, baridi ilimwingia kifuani akatutoka. Huyu sitaki. Nimemnunulia blanketi zito, namtumia kwa mtu wa kijiji cha jirani anayerudi nyumbani. Mlaze karibu na moto. Moto usizimike, mchana wala usiku, hata kama samadi kavu itaisha ikabidi ununue kuni. Kadiri atakavyousogelea ndivyo na mimi nitakavyopata usingizi.

Nikuambie jambo, usimwambie mama. Kule chini kila mtu anakohoa, ni lile vumbi. Lakini katikati ya vikohozi vya wanaume nasikia kimoja kidogo, cha mtoto. Kinatoka nyuma yangu, upande ambao hakuna mtu. Nikizima mashine nisikilize vizuri, kinanyamaza. Sikuwahi kumsikia Lineo akikohoa, maana alipougua nilikuwa huku, lakini najua ni chake.

Mfunike Ntja vizuri.

Mume wako,
Molefi


Ha Phoofolo
26 Mei 1974

Mume wangu Molefi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, hofu yetu ni wewe na hilo shimo.

Blanketi limefika. Mama alilishika, akalinusa, akasema mwanangu ana macho ya kuchagua. Kisha akachukua kisu akakata ncha yake moja na kulipaka majivu katikati. Anasema blanketi zuri namna ile ni kukipigia kifo mbiu. Sasa linafanana na la mbwa, na Ntja analilalia.

Nina ombi, na nakuomba ulisome polepole. Nataka kujenga wigo kuzunguka mafiga. Mawe na udongo tu, wa kunifika magotini, ili Ntja atambae humu ndani bila kuufikia moto. Mawe yapo, udongo nitachimba mwenyewe kijitoni, sihitaji kitu kutoka kwako isipokuwa neno. Mama hataki. Nilipoanza kukusanya mawe aliyarusha nje moja moja, na ile mikono yake ya makovu. Akasema, "Mtu hujengea ng'ombe boma. Mbwa hajengewi. Ukimjengea huyu, umemwonyesha anayetafuta kwamba humu kuna kitu cha kuibwa. Tumempa jina la kudharauliwa, basi adharauliwe mpaka awe mkubwa."

Sikumjibu. Wewe unajua siwezi kumjibu mama yako. Lakini neno lako analisikia. Mwandikie mstari mmoja tu, "Mama, wigo ujengwe," yaishe.

Ntja ana neno moja sasa. Kila anayepiga hodi huita "'Malineo," na mama huniita hivyo kutwa nzima, na mimi huitika. Ndilo jina alilonipa, Mama wa Lineo, siku niliyoolewa, kabla hata Lineo hajatungwa mimba, na limebaki kuwa langu. Basi mtoto amekinyakua kipande cha mwisho. Anasema, "Neo." Majirani wanafurahi, wanasema mwanao anakuita. Mimi naona anakotazama akisema. Hanitazami mimi, anatazama moto.

Usisahau ule mstari.

'Malineo


Hosteli ya mgodini
9 Juni 1974

Kwako 'Malineo,

Barua yako imenichekesha, kisha ikaniudhi, kisha ikanichekesha tena. Mimi nasema mtoto asogezwe motoni, wewe unataka kumjengea ukuta asiufikie. Ungekuwa mgodini ungefukuzwa siku ya kwanza, unaambiwa chimba huku unachimba kule.

Mimi na dada zangu tulikulia kwenye mafiga hayo hayo. Tuliungua vidole, tukapigwa, tukajifunza. Mama ametulea wote hapo na hakuna aliyepotea. Aliyepotea alipotea kwa baridi. Kwa hiyo katika hili mama ameshinda, na wewe usinune. Ama hilo la Neo, mtoto hutazama kinachong'aa. Ungemwashia taa angeiita taa Neo.

Nimeongea na muuguzi wa hosteli, amenipa chupa ya dawa ya kifua. Mpe Ntja kijiko asubuhi na jioni, hata kama hakohoi, tuwahi.

Kile kikohozi kimezidi. Juzi kilinikaribia mpaka nikahisi pumzi shingoni, nikasema kwa sauti, "Sogea motoni, mwanangu, sogea kabisa." Mwenzangu wa mashine akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia naimba.

Molefi


Ha Phoofolo
23 Juni 1974

Mwanangu Molefi,

Mimi 'Mamolefi, mama yako, ndiye ninayesema. Mkeo anashika kalamu tu. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, na nitampa mwalimu anisomee kabla haijaenda posta, kwa hiyo asijitie ujanja.

Tuko wazima. Theluji imekaa mlimani. Mkeo ni mchapakazi lakini samadi ya kuwashia moto hajui kuikausha, anaianua mapema, nyumba inajaa moshi tunalia kana kwamba tuna msiba. Andika hilo. Andika, kwani ni uongo?

Dawa ya kikohozi imefika. Nimeinywa mimi, maana Ntja hana kikohozi na kuimwaga ni dhambi. Imenisaidia magoti. Mikono yangu inanisumbua baridi hii, ile iliyomwagikiwa uji, lakini nishaizoea.

Ntja ni mbaya wa sura, kichwa kama kiazi, hakuna mtu anayemtaka. Hilo nalisema mlango ukiwa wazi. Mkononi ana kijikwaruzo, si kitu. Mkeo amekunja uso, mwone, anaandika huku amekunja uso. Andika na hilo la uso.

Umefanya vyema kukataa ule wigo. Mwanamume aliye mbali akimsikiliza mama yake hapotezi nyumba.

Mama yako,
'Mamolefi

Molefi, ni mimi. Mwalimu ameshamsomea, na mama ametoka kumwaga majivu. Si kijikwaruzo. Keshokutwa gari la posta linapita tena, nitakuandikia yangu. Ikifika usiisome chumbani, usiisome kwa sauti, na usiisome siku ambayo una zamu.


Ha Phoofolo
25 Juni 1974

Molefi,

Kaa chini kwanza.

Ntja ameungua mkono wa kulia. Mama alikuwa ameitwa kwa chifu, mimi nilikuwa nakanda unga. Mtu akaita mlangoni, "'Malineo." Niligeuka kuitika. Kugeuka tu. Mtoto akasema "Neo," na akauweka mkono wake kwenye makaa, taratibu, kama anayempa mtu mkono. Niliutumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi nikaushikilia humo akilia. Mama aliporudi alitaka kuupaka samadi mbichi, nikamkatalia. Ni mara ya kwanza kumkatalia kitu. Vidole vitapona, vyote vinakunjika. Safari hii tumepona.

Sasa nakuambia la safari ile.

Lineo hakukohoa. Hakukohoa hata siku moja, Molefi. Alikuwa mzima, alikuwa ameshiba, alikuwa anacheza. Kulikuwa na upepo uliotikisa mlango. Nilitoka kwenda kuchukua samadi ukutani kwa zizi, na mama yako alikuwa anachambua maharage ameupa moto mgongo. Lineo alikuwa amefungwa blanketi kwa pini shingoni, kama watoto wote. Alichuchumaa kuchungulia chungu. Ncha ya blanketi ikashika moto. Akakimbia, na alivyokimbia ndivyo ulivyowaka. Ile pini haikufunguka. Mama yako alikuwa anaivuta kwa mikono mitupu, na mikono ilikuwa inaungua, na hakuiachia. Hakuna uji uliomwagika. Ile mikono uliyoiona Krismasi ni ya siku ile.

Baada ya mazishi mama alituita wote, mimi, dada zako na majirani. Akasema mtu aliye chini ya ardhi hapelekewi habari ya moto kule, mkono wake utatetemeka na mwamba utamwangukia. Akasema tuseme kifua. Akasema ukirudi tutakuambia. Uliporudi ulikuwa umekonda, tukasema tungoje. Kisha Ntja akaja tumboni, tukasema tungoje. Nami nimengoja mpaka uongo wetu umekutuma uniambie nimlaze mtoto motoni.

Niliposoma kwamba umemwambia Lineo asogee kabisa, nilitoka nje nikatapika.

Na ujue jambo moja kuhusu mama yako. Anakataa wigo, lakini yeye ndiye wigo. Tangu Ntja aanze kutambaa, mama hukaa kati yake na mafiga kutwa nzima, mgongo kwenye joto, hachambui kitu, hageuki. Kwake huko si kumlinda, ni kuota moto tu, kifo hakiwezi kumshtaki kwa hilo. Lakini ni mzee. Huitwa na watu, husinzia, siku ile aliitwa. Mawe hayaitwi na mtu.

Naomba neno lako. Sasa unajua naliombea nini.

Mama wa watoto wako


Ha Phoofolo
21 Julai 1974

Molefi,

Gari la posta limepita na kurudi, halina kitu chako. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kama umeumia, wenzako waandike.

Mama aliniuliza kwa nini mwanawe kanyamaza. Nikasema sijui. Akanitazama sana. "Umemwambia." Nikasema nimemwambia. Hakunipiga wala hakunitukana. Alijifunika blanketi kichwani, akakaa pale pale kati ya mtoto na moto, na hajasema nami tangu siku hiyo. Ntja anampanda mgongoni akijaribu kuchungulia ng'ambo. Anasema, "Neo, Neo," na mama anamshusha, anapanda, anamshusha.

Mimi nauogopa usingizi wa mama yako kuliko hasira zako. Andika.

'Malineo


Hosteli ya mgodini
4 Agosti 1974

Mama, na wewe 'Malineo,

'Malineo atasoma, mama atasikia. Asiruke kitu.

Ile barua niliisomea nyuma ya bafu, peke yangu, kama nilivyoagizwa. Baada ya hapo sikuweza kuandika. Nilishuka kazini, nikapanda, nikala, nikashuka. Wenzangu wakauliza kama nimefiwa, nikasema ndiyo. Wakauliza lini, nikasema mwaka juzi. Wale wa Msumbiji wakaacha ule mzaha wao wa kubweka.

Mama, nilikasirika. Siku chache hivi, ikapita. Kilichobaki ni mikono yako. Krismasi ile ulinikatia mkate, nikaona ngozi ilivyokunjamana, ukasema uji, nikasema pole mama, nikaendelea kula. Sikukuuliza hata uji gani. Mkate ule haujanishuka mpaka leo.

Kikohozi kimekwisha. Kilikwisha siku ile ile, maana hakikuwa chake, nilikitunga mwenyewe. Nilidhani nitapumzika. Sasa kule chini kuna wanaume tu wanaokohoa, na mimi nazima mashine namsikiliza, simpati. Nilikuwa na mtoto huku, japo wa kikohozi. Halafu nakumbuka nilichomwambia. 'Malineo, blanketi alilokuwa amefungwa ni lile nililomletea mimi? Usinijibu.

Sasa wigo. Mama, hili ni neno langu na sitalirudia. Ujengwe kabla barua hii haijapoa. Mawe ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisikilizeni: makubwa chini, yalazwe kwa tumbo, upande bapa chini, kila jiwe likalie mawili, udongo ukauke ndipo mpande juu. Mlango wa kupitishia chungu uwe upande wa ukutani, na uwe na jiwe la kuuziba. Mtoto asifungwe blanketi kwa pini akiwa ndani, mvalisheni nguo ya kubana mwilini. Na mkilala moto uzimwe wote. Aione baridi. Baridi haijaua mtu nyumbani kwetu.

Kuhusu kifo kuona tumejenga, hapo mama sina la kukufundisha. Wewe ndiye unayejua kuongea nacho. Ulikiambia Ntja ni mbwa kikaamini. Tafuta maneno mengine, lakini mawe yasingoje maneno.

Mwanao, na mume wako,
Molefi


Ha Phoofolo
8 Septemba 1974

Mwanangu Molefi,

Mimi mama yako nasema, mkeo anaandika. Leo mlango nimeufungua wote. Akimaliza atayasoma haya kwa sauti, nje wasikie.

Humu ndani tumejenga wigo wa kuku. Kuku wetu hawana adabu. Wanaingia mpaka kwenye mafiga, wanaparua majivu, wanaunguza manyoya, nyumba nzima inanuka. Ndipo nikasema basi, tuwajengee wigo wasiufikie moto. Si kwa ajili ya mtu. Humu hakuna mtu wa kujengewa. Kuna mimi mzee, kuna mkeo asiyejua kukausha samadi, na kuna mbwa mmoja mwenye kichwa cha kiazi. Anayepita na apite tu.

Andika "kuku" tena hapo mwisho. Andika kwa herufi kubwa.

KUKU.

Ama la mikono, mwanangu, nilikuwa nikiikunja ukija. Sitaikunja tena. Ukija nitakukatia mkate na utaitazama.

Krismasi njoo na jogoo na majike mawili, watu wameanza kuuliza.

Mama yako,
'Mamolefi

Molefi, amekwenda kulala. Nakwambia amelala mchana huu, jua likiwaka, ubavu ukutani, anakoroma. Sijawahi kuliona hilo tangu Lineo.

Hatuna kuku, unajua. Wa mwisho alichinjwa siku ya mazishi. Barua yako nilipoisoma mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kasema kabla haijapoa?" Akatoka. Nilidhani kaenda kulia. Nikamkuta anayakusanya yale mawe aliyoyatupa mwenyewe, anayasukuma kwa viganja kwa kuwa vidole havishiki vizuri. Tulijenga pamoja. Kila jiwe alilolaza alililaani kwa sauti: kuku hawa, kuku wajinga hawa, kuku watanimaliza. Tulipofika juu sauti ilikuwa imemkauka, lakini hakuacha.

Mipichi imechanua mabondeni. Mkono wa Ntja umepona, umebaki na alama kiganjani. Ameanza kusimama. Anashika ukingo wa wigo kwa mikono yote miwili, anachungulia, moto uko mbali hata akinyoosha mkono mzima. Na bado anasema, "Neo."

Zamani mama alikuwa akimziba mdomo. Jana alimwacha aseme mpaka atosheke. Akaja akasimama nyuma yake, akafunga mlango kwanza ili nje pasisikike, akamwambia polepole, huku akimshika bega kwa ile mikono:

"Ndiyo, yuko huko. Wewe kaa huku, yeye akae huko. Tulieni hivyo hivyo, wanangu, mpaka baba yenu aje."

'Malineo